Mistari Aliyoifuta Kabula

Alhamisi, mwezi wa kumi na moja. Mchana. Mvua.

Sasa hivi, kabla sijafungua daftari hili, mwanangu Kabula amefuta madeni ya watu sita.

Hakujua. Ana miaka miwili na miezi michache, na jana nilimsifia. Jana nilikuwa nasiriba ukuta wa nyuma kabla mvua hazijakolea, udongo na samadi ya ng'ombe kwenye karai, naye akawa ananisaidia. Anachota kwa kiganja, anapaka, anapigapiga, halafu ananitazama. Nikamwambia, wabeja, asante mama, umeshakuwa fundi. Basi leo nimeingia ndani kukoroga uji, natoka, namkuta kibarazani na karai la udongo uliobaki. Amesiriba ukuta wangu wa mbele kutoka chini kabisa hadi pale mkono wake unapofika akisimama juu ya kinu kilicholala. Na yeye mwenyewe amejisiriba hadi nywele. Akanigeukia akasema, "Pundi."

Fundi.

Sikumpiga. Nilikaa kwenye mkeka nikacheka, halafu kicheko kikakatika chenyewe.

Maana pale ndipo ilipokuwa mistari.

Naandika jinsi ilivyokuwa, maana mambo ya ukutani nimeshaona yanavyoondoka. Mimi nakaanga vitumbua alfajiri. Wanawake wanaokwenda kibarua kwenye kiwanda cha pamba wanapita hapa kwangu mtaa wa Kambarage wakiwa hawajatia kitu mdomoni, na pesa hawana, kwa sababu kiwandani wanalipwa siku kiwanda kikijisikia. Wanachukua vitumbua viwili, wanachora mstari mmoja. Mwanzo nilikuwa naandika mwenyewe kwenye daftari. Nilifika darasa la tano, kuandika naweza. Lakini nikishika kalamu niliwaona wananyamaza, kama watu waliofikishwa barazani kwa kesi. Siku moja Nyanzobe, yule mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe, akaniambia:

"Mama Kabula, hicho kitabu unakisoma peke yako. Mimi deni langu nataka nilione nikipita."

Akaokota mkaa jikoni kwangu, akachora jembe ukutani, na chini ya jembe akachora mstari wake. Wenzake wakafuata. Huyu msalaba, huyu chungu, huyu pembe za ng'ombe. Tangu siku hiyo kila mtu anachora mwenyewe, na mimi mkaa siugusi. Akilipa anafuta mwenyewe kwa kidole chake. Sijawahi kugombana na mtu.

Na kwa sababu hiyo sikuandika mahali pengine popote. Ningeona kama nawachungulia.

Inasemekana Jumamosi watalipwa. Nilikuwa nimeshapanga. Jumamosi jioni wangepita mmoja mmoja na kufuta, mimi ningeamkia dukani kwa Mzee Lalji na pesa zimefungwa kwenye ncha ya kanga. Sasa najaribu kukumbuka. Jembe lilikuwa na mistari kumi na mmoja au kumi na mitatu? Msalaba je? Nafumba macho, ukuta nauona wote, kila alama mahali pake, lakini nikianza kuhesabu mistari inacheza kama sisimizi.

Mvua inapiga bati. Ni sauti nzuri mno, mtu unaweza kulala umekaa.

Bati hizi nane si zetu bado.

Tulizichukua kwa Mzee Lalji mwaka jana, nikiwa na Kabula mgongoni, nyasi za paa la zamani zinavuja hadi kitandani. Baba Kabula, Masanja wangu, alisema tutalipa kwa pamba. Na pamba ilitoka vizuri, sitaisahau ilivyokuwa imerundikwa ndani tukawa tunalala pembeni yake, Kabula anazama humo anapiga chafya. Chama cha ushirika kikachukua pamba, kikatupa karatasi. Karatasi ninayo, iko ndani ya Biblia, imeandikwa kilo zetu kwa wino wa buluu. Pesa bado. Mwezi baada ya mwezi tunaambiwa bado.

Baba Kabula akaanza kupita njia ya nyuma. Kutoka hapa kwenda sokoni unapita mbele ya duka la Mzee Lalji, lakini yeye akawa anazunguka kule mashimoni, kwenye miiba, anarudi na suruali imechanika. Nilimwambia, baba, utavaa nini sasa? Akasema njia ya kule ina kivuli. Haina kivuli hata kidogo.

Mwezi wa nane akaniambia anakwenda kuchimba dhahabu upande wa Geita, huko watu wanashuka na kamba kwenye maduara, mashimo marefu kama visima, na taa imefungwa kichwani. Akasema, deni likiisha narudi. Barua imekuja moja tu, aliileta kondakta wa basi la Kahama. Mistari minne. Wazima, kazi ngumu, duara la jirani limetitia lakini watu walitoka, mbusu Kabula.

Duara la jirani limetitia. Hilo aliliandika katikati, kama mtu anayetaja bei ya chumvi.

Kwa hiyo hesabu yangu ni fupi. Mistari ya ukutani inamlipa Mzee Lalji, Mzee Lalji akilipwa baba yake Kabula anatoka shimoni. Na mistari sasa hivi iko chini ya udongo na samadi, na fundi wangu amelala, mdomo wazi, udongo unamkaukia kwenye sikio.

Nitasema kitu ambacho sijamwambia mtu. Wiki mbili zilizopita nilikwenda kumwomba Mzee Lalji atufutie.

Nilivaa kitenge kizuri. Nilimkuta anapima sukari. Siku hizi sukari ipo, hiyo ndiyo ajabu ya siku hizi. Nilipokuwa msichana tulipanga foleni ya sukari tangu jogoo la kwanza, pesa tunayo mkononi na sukari hakuna. Sasa rafu zimejaa, sabuni za rangi tatu, kanga mpya zimeanikwa juu, na watu wanaingia kutazama tu kama waliokuja kuona picha.

Nikamsalimia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza habari za nyumbani kwa Kisukuma. Anakiongea kuliko mimi, kazaliwa Shinyanga hii hii. Nikamweleza. Nikamwambia na redio imesema. Juzi kwa jirani nilisikia bwana mmoja anaongea vizuri sana, anasema nchi zetu zinadaiwa na nchi kubwa, na kama zikifutiwa madeni zitanyanyuka, viwanda vitazunguka, watu watanunua. Nikamwambia Mzee, kama nchi inaweza kufutiwa, sisi na bati nane je?

Alicheka hadi akaweka mizani chini. Hakucheka kwa ubaya.

"Mama Kabula, nikikufuta wewe, mimi nitafutwa na nani? Nina mtu wangu Mwanza, kitabu chake kikubwa kuliko hiki. Naye ana mtu wake."

Halafu akanihadithia habari ya marehemu baba yake. Ulikuwa mwaka wa ukame, anasema, yeye alikuwa kijana. Watu walichukua unga, wakachukua mafuta, hawakuwa na cha kulipa. Baba yake akawaonea huruma, akachoma kitabu mbele ya duka, wote wakiona. Watu walimshukuru, wengine wakampigia magoti. Mwaka uliofuata mvua ikanyesha, pamba ikatoka, pesa zikaonekana. Baba yake akapaka duka rangi, akaagiza mali, akasimama mlangoni.

"Hawakuja," akaniambia. "Wakawa wananunua kwa mwingine kule ng'ambo ya reli, tena bei mbaya. Waliona aibu kuja kwetu. Na wachache waliokuwa wamelipa kabla ya moto nao wakanuna, wanasema tulikuwa wajinga gani. Baba hakulilia pesa, Mama Kabula. Alikuwa analalamika kwamba watu wamemnyima salamu."

Yeye akafunga sukari ya mtu kwenye karatasi, akakunja ncha vizuri. Nilipogeuka niondoke akasema, "Mwambie Masanja apite hapa. Hata bila pesa. Aje anisalimie."

Nilitoka nimekasirika. Nilijua anachotaka. Anataka mume wangu asimame pale mbele ya wateja, kichwa kimeinama. Njia nzima nilikuwa nasema moyoni, hutampata.

Lakini leo, na mvua hii, na ukuta ule umekuwa laini kama uso wa mtu aliyetoka kuoga, nimekaa naota.

Naota Kabula ni mkubwa kama mlima, na karai lake ni kubwa kama bwawa. Anapita Shinyanga yote anasiriba. Anasiriba kitabu cha Mzee Lalji, anasiriba kile kikubwa cha Mwanza, anafika hadi huko redio inakosema, kwenye nchi kubwa, anachota, anapaka, anapigapiga. Asubuhi watu wanaamka hakuna anayemdai mwenzake. Nyanzobe aliniambia siku moja kwamba asingekuwa na mistari yangu angenunulia wanawe viatu vya matairi. Basi ananunua. Fundi viatu anakamata pesa, ananunua mchele. Mwenye mchele ananunua kanga. Kanga za Mzee Lalji zinashuka moja moja kutoka juu, duka linabaki na kamba tupu, naye anacheka, anaagiza nyingine. Njia ya nyuma inaota nyasi kwa sababu hakuna anayeipita. Na mchana mmoja kama huu mtu anaonekana anatokea stendi na kifurushi, anapita katikati ya barabara kubwa, anapiga mluzi. Namjua kwa mabega.

Niliota hivyo muda mrefu. Uji umeshika chini.

Halafu nikakumbuka karatasi iliyo ndani ya Biblia. Nayo ni deni, ila hili ni letu, tunadai sisi. Mkono ule mkubwa wa Kabula utaisiriba na hiyo, pamba yote ile, na chafya zake. Na vitumbua vyangu vitakuwa vimeliwa bure tangu mwezi wa tisa, na unga na mafuta niliyokaangia nilichukua kwa mtu. Sikuwa nimeona hilo. Kila mstari niliokuwa nafuta kwa furaha, ng'ambo yake yuko mtu ameushika kama mwanamke anavyoshika kamba ya mbuzi wake. Mara nyingi mtu huyo ni mimi.

Sasa sijui. Bwana wa redio alisema kwa uhakika sana, na Mzee Lalji naye alisema kwa uhakika. Huenda nchi hazioni aibu kama watu. Huenda nchi ikifutiwa deni haizunguki njia ya miiba.

Naacha kidogo, kuna mtu anabisha.

Naendelea. Alikuwa Nyanzobe. Kiwandani umeme umekatika kwa mvua, wamerudishwa mapema, akakimbilia kwangu amejifunika gunia, akanisalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, Mama Kabula. Nipe moto nikauke, mimi ni samaki."

Nikamkaribisha. Akakaa palepale kibarazani, mgongo umeegemea nguzo, anatazama ukuta. Mimi nilikuwa nimenyamaza na nilijua nanyamazia nini. Nilitaka kuona. Huo ndio ukweli. Nilikuwa namtega mwenzangu.

Akatazama. Akamtazama Kabula aliyekuwa ameamka, na udongo wake sikioni. Akacheka ile sauti yake, kuku wakatoka mvunguni mwa kinu.

"Huyu ndiye tumchague mbunge," akasema. "Hajasema hata neno, ameshatufutia."

Nikacheka naye. Nikasema, "Basi imepita, Nyanzobe. Tuanze upya." Ilinitoka hivyo tu. Nusu nilikuwa bado kwenye ndoto.

Akaacha kucheka. Akasimama, akaingia jikoni, akarudi na mkaa. Akajaribu kuchora jembe, lakini udongo ulikuwa mbichi, mkaa ukazama na kuvunjika. Akautupa. Akachora jembe kwa kidole, akalichimba kabisa, halafu chini yake akaanza mistari, anabonyeza mmoja mmoja kwa kucha ya kidole gumba, midomo inahesabu. Alipofika tisa nikamshika mkono.

"Inatosha, dada. Hata mimi nilikuwa nakumbuka tisa."

Nilidanganya. Nilitaka kumsaidia hata kidogo, ile ya kumpunguzia.

"Niache," akasema. "Ni kumi na nne."

"Kumi na nne haikufika."

"Ilifika. Jumatatu nilichukua vinne, mdogo wangu alikuwa amekuja." Akaendelea kubonyeza. Halafu, bila kugeuka, akasema polepole, si kwa ile sauti ya ng'ombe: "Usinifanyie hivyo, Mama Kabula. Ukinisamehe, kesho asubuhi nitapitia wapi?"

Nikauachia mkono wake.

Ana kaka yake, namjua, ana pesa kidogo za kumsaidia, na njia ya kwenda kiwandani ya upande wa kule ipo. Kuna mama anauza mihogo huko. Nyanzobe angekwenda kula mihogo ya mtu mwingine ili asinione usoni, na mimi ningebaki nimesamehe, na vitumbua vimepoa kwenye sinia.

Alipomaliza akarudi nyuma akatazama kazi yake. Jembe na mistari kumi na minne, imechimbwa. "Ikikauka hii," akasema, "hata mbunge wako hawezi kuifuta tena. Labda ubomoe nyumba." Akamchukua Kabula kwenda kumwosha uani, kwenye maji ya bati. Wengine nao atawaambia waje wachimbe, na ninaamini watakuja. Huenda mmoja atasahau mstari au miwili. Hilo nimeamua sitaliuliza.

Sasa niko peke yangu na daftari, na lile neno lake halitoki kichwani. Nitapitia wapi.

Ndipo nilipomwona akilini Baba Kabula na suruali yake iliyochanika.

Yeye hayuko kule kwa sababu ya pesa. Pesa ya bati nane tungeilipa hapa hapa, kidogo kidogo, kwa vitumbua na pamba ya mwakani, na ile karatasi siku ikizaa. Yuko shimoni kwa sababu hajui apitie wapi. Amezunguka njia ya nyuma, ikawa ndefu, ikawa ndefu zaidi, ikamfikisha hadi Geita na taa kichwani. Hiyo ndiyo njia yake ya nyuma. Na mimi nilikuwa namngoja huku naamini deni ndilo linalomshika mguu.

Na Mzee Lalji aliniambia waziwazi. Aje anisalimie. Hata bila pesa. Hakuwa anataka kichwa kilichoinama. Alikuwa anamkumbuka baba yake mlangoni, na rangi mpya. Nilimkasirikia bure, na hilo nitamwambia, ingawa sijui nitaanzaje.

Kwa hiyo nimeamua. Kesho alfajiri basi la Kahama linaondoka, na yule kondakta anapenda vitumbua. Nitampa sita vya moto na barua. Jumapili nitakwenda kwa Mzee Lalji na pesa yoyote itakayokuwa imepatikana. Sitamwomba afute. Nitamwomba tuandike upya, kila mwisho wa mwezi kidogo, nami nitapita pale kila siku, mchana, katikati ya barabara, na mwanangu mgongoni.

Barua sitaki iwe ndefu, yeye huchoka kusoma. Najaribu hapa kwanza, halafu ninakili kwenye karatasi safi.

Baba Kabula, sisi wazima. Mvua zimeanza na bati halivuji hata tone. Deni bado lipo. Rudi nalo hivyo hivyo. Mzee Lalji anakusalimu na anangoja umsalimie, ni hilo tu anadai kwa sasa, na mimi nilikwenda nikamsikia kwa masikio yangu. Shuka stendi mchana, usije jioni ukajificha. Mimi na Kabula tutakuwa tumesimama pale, tutapita wote watatu mbele ya duka, na ukiona haya nishike mkono hata kama watu watatucheka. Kabula amekuwa fundi wa kusiriba, ukija utaona ukutani alichofanya, na utaona jembe la Nyanzobe, na nitakueleza kwa nini nataka nyumba hii isibomolewe kamwe na kwa nini

Nyanzobe ananiita kutoka kibarazani. Anasema niwahi, aligeuka kidogo tu kufuata kanga yangu ya kumfutia mtoto maji, na Kabula ameshapata karai, yuko juu ya kinu, mkono umejaa, na tayari ameanza kwenye mstari wa